Kwa Sasa

Saa nne na dakika saba redio ya duka la Mangesho ilisema
riba ya Benki Kuu inabaki palepale, kwa sasa.
Nilikuwa nimeshika kopo la sampuli, kahawa ya Kibosho,
kidole bado kimo ndani ya punje.

Palepale nililielewa.
Ni kama mlango wa ghala letu: umefungwa, au haujafungwa.
Lakini kwa sasa?
Nani aliliachia neno hilo lifuate nyuma ya sentensi
kama mtoto aliyemkimbilia mama yake sokoni
bila viatu?

Anaeli, pale dirisha la kubadilisha fedha, hakuuliza.
Alifuta namba ya dola kwa kiwiko,
akaandika nyingine, akarudi nyuma, akaitazama,
akaifuta tena.
Kufika saa sita ubao ulikuwa ukungu mtupu wa chaki
na yeye mweupe mkono mzima.

Hakuna aliyepandisha kitu. Hakuna aliyeshusha.
Sauti moja tu, mbali, ilikohoa kidogo
ikasema tutaendelea kuangalia.
Na huku Moshi kila mtu akaanza kuangalia
mwenzake anaangalia nini.

Mnunuzi wa mnadani akapiga simu: "Tusubiri wiki moja, Ndeshi."
Shirima mwenye magunia arobaini akatabasamu chini ya kofia,
maana dola ikipanda naye hupanda.
Mimi nina magunia pia. Ila nina mashine ya kukoboa,
vipuri vyake vinaongea dola, mkopo wake unaongea shilingi,
na riba haijui Jumapili.
Nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Nakumbuka mhudumu wa mgahawa kule Kiusa:
"Nakuja sasa hivi, mama."
Mtori ulifika umeota ngozi.
Hiyo ilikuwa sasa ya dakika hamsini.
Sasa ya mume wangu, alipoaga kwenda Mererani,
ilikuwa ya miaka sita.
Ya Benki Kuu ina urefu gani?

Siwalaumu. Aliyebeba yai la watu wote
hatembei kwa mbwembwe.
Wangesema tutashusha, tungekesha tukijaza fomu za mikopo;
wangesema tutapandisha, tungefunga maduka kabla ya adhuhuri.
Kwa hiyo wakasema kidogo,
na kidogo hicho tukakigawana mji mzima,
kila mtu akaondoka na kipande
kisichofanana na cha jirani.

Jioni alinipigia Lyatuu, kijana wa mikopo.
Je, rejesho la mwezi huu nitalilipa lote?
Nikasafisha koo, kama wafanyavyo wakubwa.
"Nitalipa," nikamwambia,
"kwa sasa."

Akanyamaza.
Nikaisikia kalamu yake
inatafuta pa kuliandika.