Saa Kumi ya Karani

Papai nalimenya kwa kisu chako kidogo,
kile cha mpini uliozungushwa mpira wa baiskeli.
Mbegu nazikwangua zote, hata zile zinazojificha kwenye utando,
nazifunga kwenye gazeti, gazeti naliweka juu ya kabati.
Kipande kimoja tu. Upana wa ukucha wa gumba langu.
Nakiweka kwenye kisahani chenye ufa.

Saa kumi. Karani huyu hapa.

Jina ulimpa wewe, Shomvi,
kwa kuwa hakuchelewa hata siku ile Jangwani ilipojaa maji
na makarani wa kweli wakalala upande wa pili.

Wahenga walisema paka hashibi kwa wali.
Juu ya papai walinyamaza.

Tuseme ukweli: sikumpenda.
Mimi nilikuwa na kazi ya kukupimia wewe.
Vipande vinne, walisema kliniki ya sukari, visizidi vinne,
nami nikavikata kama sonara akatavyo dhahabu ya mtu,
nikakusimamia mpaka sahani ikawa nyeupe.
Kumbe kimoja kilikuwa kinashuka chini ya meza
kila siku, miaka sita,
na mimi kliniki nikipongezwa kwa kipimo changu.

Ulipoondoka alikuja vilevile.
Saa kumi, chini ya meza, anatazama juu.
Nilimfukuza kwa ndara. Kesho yake yupo.

Nikiwa eda, sitoki,
Dakta Hyera akapita mtaani na kisanduku chake cha barafu
akichanja paka na mbwa dhidi ya kichaa.
Akasimama kibarazani, nikamuuliza nyuma ya pazia:
huyu anakula papai, je, nimnyime?
Akacheka. Akasema mpe, lakini chembe, na si kila siku.
Tikiti sawa, toa mbegu. Ndizi, ncha ya kidole.
Tufaa bila kokwa. Chungwa na limau hata yeye atakimbia.
Parachichi achana nalo.
Zabibu, mbichi au kavu, usithubutu, mama. Figo.
“Isiwe chakula,” akasema. “Iwe salamu.”

Halafu, akifunga kisanduku:
“Unajua, paka hana ulimi wa utamu.
Sukari kwake ni kama maji.”

Nilibaki na hilo siku nyingi.
Miaka sita alikuwa anakula nini, basi,
chini ya meza yangu, kutoka mkononi mwako?

Siku ya arobaini wifi yako alipika pilau.
Pilau la Magomeni, na zabibu kavu juu, alizimwaga bila huruma.
Dua ikiwa katikati, mikono yote hewani,
nikamwona Mwajabu, mjukuu wako wa miaka minne,
amezipanga mkekani moja moja kama shanga
na Karani ameinamisha pua.

Sikumbuki kuinuka.
Nilikwenda kwa magoti, kanga imenivuka kichwani,
nikapitia juu ya mapaja ya watu, nikaweka kiganja
kati ya mdomo wake na zabibu ya kwanza.
“Mwacheni,” mtu akanong’ona, “majonzi hayo.”
Ngapi, Mwajabu? Ulikuwa nazo ngapi?
Saba, bibi.
Nikahesabu. Saba.
Nikazitia zote kinywani mwangu, sikujua nizipeleke wapi tena,
nikatafuna, na hapo ndipo nililia,
siku arobaini baadaye, mdomo umejaa.

Leo papai limeiva kupita kiasi, linanata kwenye kisu.
Karani amelinusa. Amelamba mara mbili,
akanikanyaga mguu, akatoka zake uani.
Nusu kaiacha.

Naimalizia mimi, nimesimama.
Mimi ulimi ninao.
Tamu, Shomvi. Wallahi, tamu.