Hesabu Isiyofungika

Miaka thelathini na mmoja nilitunza vitabu vya kiwanda cha sufu
na senti moja haikunipotea.
Sasa natunza daftari la mwili wangu.
Safu ya kwanza, presha.
Safu ya pili, lehemu.
Ya tatu niliiongeza mwenyewe, mwezi Novemba,
siku Khulan, mjukuu wangu, alipokohoa kitu cheusi kwenye leso
akanionyesha kama mtu aliyeokota kifungo.

Safu ya tatu ni hewa.
Kila alfajiri natoka hemani, kofia hadi kwenye nyusi,
napanda mteremko mpaka uzio wa shule
ambako wamepachika kidude chenye tarakimu nyekundu.
Nanakili kwa penseli. Kalamu ya wino huganda
hapa Ulaanbaatar, hata ukiificha kwapani.

Presha niliirithi, kama pua.
Mama aliifunga kwa kitambaa kichwani
akaenda nayo hivyo hivyo.
Mimi nina vidonge, namshukuru aliyevibuni.

Kuhusu lehemu, mshtakiwa alijulikana:
mafuta ya mkia wa kondoo.
Nani huku kwetu asiyelijua pande lile linalotetemeka,
analokatiwa mgeni kabla ya wote,
analopewa mtoto mchanga alinyonye?
Nikaliacha.
Harusini kwa Batsaikhan nilikaa na sahani ya kabichi
kama mtu aliyefiwa.
Hata chai ya maziwa nikainywa bila chumvi;
Norjmaa, mke wangu, aligeuza uso asishuhudie.

Juni: tatu nukta nne. Daktari Enkhjin akanipa mkono.
Januari: nne nukta tatu.

Mkia sijaugusa. Siagi sijaigusa.
Nikajumlisha toka juu kwenda chini,
kisha toka chini kwenda juu, kama nilivyofunzwa ujanani.
Hesabu ikagoma.
Kiwandani ningesema: kuna mkono ndani ya kasha.

Nikamwekea daktari daftari mezani.
Akapitisha ukucha kwenye safu ya tatu, taratibu,
mia tatu,
mia nne na kumi,
mia tano na sitini,
kisha akavuka kwenye ya pili, akanyamaza.
"Sikuapii," alisema. "Baridi nayo ina lake,
kushinda umekaa kuna lake.
Ila mwenye presha mlango wake umeegeshwa tu,
na moshi haubishi hodi."

Pafukapo moshi hapakosi moto.
Sawa. Moto naujua.
Moto ni wangu.
Jiko la chuma limesimama katikati ya hema,
na nje ni nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri,
na Khulan amelala ubavuni mwake na soksi mbili mbili.
Bomba langu latoa, la Batsaikhan latoa,
kilima kizima tunaazimana pumzi usiku kucha;
nilichokitoa saa nne narudishiwa alfajiri
na riba juu.

Haba na haba. Nilidhani inajaza kibaba peke yake.

Jana usiku nilichonga penseli
nikaandika chini ya ukurasa: *Mdaiwa*,
nikaweka nukta mbili.
Nikaandika *kondoo*, nikafuta.
Nikaandika *serikali*, nikaiacha kidogo, nikafuta.
Nikaandika *sisi*, karatasi ikatoboka kwa ufutio.
Norjmaa akasema toka blanketini,
"Jiko linazima, mzee."
Nikainuka nikatia tofali moja la makaa.
Nikatia na la pili.

Leo kidude cha shule kimeganda.
Hakionyeshi namba, ila vistari viwili vitupu, vyekundu.
Nilisimama pale mpaka ndevu zikawa barafu,
kisha nikavinakili navyo.