Maparachichi ya Tusekile

Tusekile kanikatia tiketi.
"Baba, ni saa moja na dakika ishirini tu,"
akaitamka hiyo *tu* kama mtu anayekung'uta makombo mezani.

Miaka thelathini na mmoja
nimeijua njia hii kwa magoti,
kilomita mia nane na ushee,
tani ishirini na nane za mbolea mgongoni.

Na safari yenyewe ilianza kinyumenyume:
kutoka Uyole kwenda Dar
sharti kwanza nielekee Tunduma,
hadi Songwe, Dar nimeipa kisogo.
Kisha ukungu.
Ukungu wa Songwe hausomi ratiba,
umelala njiani kama ng'ombe wa Igurusi,
na honi haisaidii.
Nikahesabu kwenye saa yangu:
basi la alfajiri sasa liko Chimala,
sasa Igawa, abiria wananunua vitunguu,
sasa Makambako, upepo unawachapa usoni,
nami bado nipo kitini, kiatu kinanibana,
namwangalia binti wa mizani
aliyeniambia: mzee, kilo zimezidi,
punguza mchele ama parachichi.
Nilipunguza mchele.

Halafu tukaruka.
Hakuna gia. Hilo ndilo lililonitisha.
Mguu wa kushoto ukatafuta klachi
chini ya kiti cha mbele
mpaka mama wa jirani akaniuliza kama naumwa.

Nilitaka kuiona Kitonga.
Nilitaka kumwonyesha mtu, yeyote, ile kona
ambako Anyosisye, utingo wangu,
aliruka na gogo mkononi, usiku, mvua ya Februari,
breki zikinuka kama nywele zinazoungua,
akalisukuma chini ya tairi,
akasimama anacheka, tope hadi kiunoni:
"Suka, leo kwetu ni hapa."
Tukalala hapo siku mbili
kwa ugali mkavu na chumvi.

Msichana wa ndege akaniletea karanga,
kipakiti cha kitoto.
Nikahangaika nacho, nikakifungua kwa meno.
Nilipoinua uso
rubani anasema Morogoro iko kushoto.

Kitonga yote
imepita ndani ya kipakiti cha karanga.

Getini Tusekile ananikumbatia, simu mkononi.
"Umeona, baba? Haraka!"
Nimeona, mwanangu.
Ila zile saa nyingine,
kumi na mbili, kumi na tatu, zilizokuwa zangu,
sijui zimeshushwa wapi,
na dirisha la mizigo iliyopotea
siwezi kwenda kuzidai.

Jikoni akaminya parachichi la kwanza.
Jiwe.
La pili. Jiwe.
"Mbona zamani ulikuwa unaleta laini?"

Yalikuwa yanaivia njiani, mama.
Nayafunga kwenye gunia nyuma ya kiti, karibu na injini.
Mafinga yananuna kwa baridi.
Mikumi yanaanza kulegea.
Chalinze kidole kinazama.

Hakujibu. Akayapanga dirishani, tisa,
akayafunika gazeti.

Jana nadhani yalilala Makambako.
Leo nimeamka kabla ya watu,
nikaligusa moja kwa kidole gumba,
nikasikiliza.

Bado Ilula.