Tufaa la Saa Nne

Kamba ya kome ilikatika usiku, mita mia mbili,
pamoja na maboya yake manane ya njano,
mali ya Otilia Barría, wa Dalcahue, kisiwani Chiloé.

Kijana wa kampuni alifungua ramani kwenye simu:
mshale mmoja, mnene, ukielekea kusini.
Imekwenda huku, alisema. Wastani wa miaka kumi.
Otilia hakubisha. Aliingia ndani
akatoka na gunia la matufaa,
yale madogo, machachu, ya kukamulia pombe.

La saa moja lilishika njia ya kusini
kama ramani ilivyotaka. Kijana akatabasamu.
La saa mbili nalo lilianza vivyo hivyo,
kisha likasita mbele ya kanisa la mbao
kama mtu aliyekumbuka kwamba hakufunga mlango.
La saa tatu halikwenda popote.
Lilijizungusha, likatuonyesha shavu jekundu, likalificha,
mpaka chai ikapoa mikononi mwetu.

La saa nne, hilo ndilo silisahau:
liligeukia kaskazini kwa mwendo wa mbwa aliyeitwa,
likapishana na lile la saa mbili
ambalo bado lilikuwa linashuka kusini,
hatua nne tu kati yao,
maji yaleyale, mvua ileile.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika.
Daftari lililowa, penseli ikawa inachimba karatasi.
Hadi giza linaingia nilikuwa na mishale kumi na mitatu
na hakuna hata miwili iliyofanana.
Nikamwuliza kijana: ukiijumlisha yote, ukaigawa, unapata nini?
Akahesabu. Akapata kimshale chembamba kama unywele,
kinaelekea nchi kavu,
moja kwa moja hadi duka la Nolberto la misumari.
Njia ambayo hakuna tufaa lililoipita.

Mnasema mkondo una tabia, alisema Otilia
huku akikung'uta gunia.
Sawa. Tabia ni ya mwaka.
Kamba yangu imekatika leo.

Bamvua ikapita. Siku ya sita, maji yakiwa mafu,
tuliikuta chini ya gati lilelile ilikokatikia,
imejiviringisha kwenye nguzo yake ya zamani
kana kwamba haikuwahi kutoka;
kome wazima, wamefumba midomo,
hawana la kueleza.

Na katikati ya maboya, tufaa moja,
limedonolewa na shakwe upande mmoja.

Nikafungua daftari kwa haraka, niandike ni la saa ngapi.
Nikakumbuka hatukuwa tumeyatia alama.
Kijana akainama, akalitazama kwa muda
kama anayengoja liseme.
Otilia akalifuta kwa aproni, akaling'ata.
Lina chumvi, alisema,
akaendelea kula.