Namna ya Kusema Siwezi

Daftari ni lile la skuli, la kurasa arobaini na nane,
jedwali la kuzidisha nyuma.
Kushoto maneno yako, Halyna,
kwa herufi zetu, nilivyoyasikia;
kulia maana,
katikati doa la mafuta ya sambusa
la siku uliyonikuta jikoni ukasema somo ni somo.

"Dyakuyu za zaproshenya": ahsante kwa kunialika.
"Z radistyu": kwa furaha.
"Inshim razom": siku nyingine.
"Na zhal, ne zmozhu": inasikitisha, sitaweza.

Hili la mwisho lilinitoa jasho.
Mna herufi ndani yake imekaa kama mdudu,
miguu sita, inavuma kama nyigu aliyeingia mtungini.
Nilivuma nayo asubuhi nzima nikifua mashuka ya wageni,
hata Subira wa chumba cha pasi akaniuliza:
"Umeumwa na nini?"

Ulinambia: kwetu mtu akikualika chai
nawe huwezi, unasema huwezi.
Unataja sababu, moja tu, iliyonyooka,
halafu unashukuru.
Mwenye nyumba atapunguza kikombe kimoja.
Hatanuna.

Nilicheka.
Mama yangu, Bi Mkasi, wa hapahapa Bwejuu,
miaka sitini na mbili hajapata kumkatalia mtu.
Akialikwa harusi Makunduchi na goti limemvimba,
husema Inshaallah.
Akiwa na hamu ya kwenda, husema Inshaallah.
Tofauti iko shingoni,
na kwenye urefu wa ile laa,
na sisi wa tumboni mwake ndio tunaojua
kama tumtolee baibui
au tuliache msumarini.

Nikakufundisha na wewe:
ukiwapita watu wanakula watasema Karibu.
Usisimame, usikimbie, usijitetee kuwa umeshiba.
Sema Starehe.
"Maana yake?"
Maana yake nimewaona, nimeuona na mkono mlioninyooshea,
kaeni mlivyokaa.
Siku ya tatu ukawapita kina Vuai, muhogo na changu sinia moja,
ukasema Starehe, vizuri kabisa,
kisha ukakaa kitako.
Wakakumegea.
Hakuna aliyekusahihisha.

Mwezi wa tatu ukafunga begi la Tymko.
Mnakwenda Polandi kwa dada yako, si kwenu.
Kwenu ulishanionesha kwenye simu:
nyumba ya matofali meupe nje ya Chernihiv,
mti wa cheri karibu na mlango,
dirisha moja limezibwa kwa ubao.
Ukasema polepole, kwa Kiukraine cha kumpa mwanafunzi:
Njoo kwetu, Mize. Mwezi wa sita, cheri zikiiva.
Nitakukandia unga, nikutilie cheri ndani, nikuchemshie.

Hukutaja mwaka.

Sababu moja, iliyonyooka. Mimi ninazo tisa.
Pasi ya kusafiria sina.
Nauli ni mashuka ya miaka minne.
Goti la Mama.
Zilizobaki unazijua, baadhi zimo kwenye habari za usiku.
Nikafungua mdomo, mdudu wangu tayari anavuma kwenye meno,
na macho yangu yakarudi kwenye ule ubao.
Nitamwambiaje sitafika
mtu ambaye mwenyewe hafiki?

"Z radistyu," nikasema.
Matamshi safi. Hata wewe ulishtuka.

Ukanitazama.
Kisha ukainamisha shingo kidogo, upande wa kushoto,
ukaivuta laa ikaenda mpaka kwenye kamba ya nguo:
Inshaallah.

Mama alikuwa anaanua kanga, hakugeuka.
Usiku, tunamenya vitunguu, ndipo aliposema:
"Yule mgeni wako,
yule kasoma."