Tiketi ya Kuliona Shimo Langu

Elfu kumi, akasema binti wa getini,
na darubini ni elfu tano nyingine.
Nikalipa. Sikumwambia kwamba hapa
niliingia bure miaka kumi na mmoja,
peku, koleo begani,
kabla Masese haijawasha jiko la kwanza.

Jina lake Naigaga. Ana buti za mpira
na kitabu cha ndege kilichovimba kwa unyevu.
"Polepole, mzee, mbao zinateleza."
Niteleze mimi? Udongo huu
nimeukanda kwa nyayo hizi,
nikaushindilia kwenye kalibu, nikauchoma
kwa kuni ambazo sikuuliza ni za nani.
Matofali elfu nane kwa mwezi wa kiangazi.
Kuna kanisa kule Walukuba, ukuta wake wa kushoto ni mimi.

Mafunjo yamerudi.
Yametuzidi kimo, vichwa timtim,
na ziwa linasikika nyuma yake bila kuonekana.
Naigaga ananyanyua kidole: sikiliza.
Sisikii kitu. Kisha kwera,
wengi, wanafuma huku wanatukanana
kama mafundi waliocheleweshewa ujira.

Mdiria ametua juu ya nguzo ya zege.
Naijua nguzo ile. Waliisimika watu wa mazingira
asubuhi waliyokuja na polisi na greda
nasi tukawavurumishia matofali mabichi,
mali yetu wenyewe, yakipasukia hewani.
Mugoya alivunjika mkono.
Mimi nililala ndani siku nne.
Mdiria anachupa, anarudi na mukene mdomoni,
anampigiza pale pale kwenye maandishi mekundu,
mara tatu, anammeza.

Ubao unapopinda, nililitambua kabla ya kuliona.

"Hapa ndipo penye kina kuliko kote,"
Naigaga ananong'ona. "Hatujui kwa nini.
Ndege wanaopiga mbizi wanapapenda."

Mimi najua kwa nini.
Kina hicho ni karo ya Tenywa, miaka minne.
Ni bati ishirini na mbili.
Ni dawa za mama, za mwisho, zisizosaidia.
Mnandi ameanika mbawa juu ya kisiki
mahali ambapo tulikuwa tukiweka sufuria ya posho.
Sile anapita juu ya majani ya yungiyungi,
vidole virefu, hatua moja, hatua nyingine,
hazami. Mimi nilizama hapa hadi kiunoni
kila siku ya Mungu ila Jumapili.

Nikaiinua darubini. Si kwa ndege.
Nikaielekeza mlimani, nikazungusha kile kigurudumu
ukungu ukatoka, na nyumba yangu ikaja:
nyekundu, ndogo, imesimama pakavu,
na shati langu kwenye kamba.
Sijawahi kuitazama kutoka huku.
Nikashusha macho kwenye maji, nikapandisha tena.
Vingelingana, nadhani,
kama mtu angeweza kuirudisha nyumba humu.

"Umeona nini?" Naigaga akauliza.
"Kitu changu," nikasema. Akatazama kitabuni.

Getini kuna daftari. Jina: Isabirye.
Aina za ndege: kumi na nne, akanihesabia yeye.
Kazi? Nikamwambia, andika mchimbaji wa bwawa.
Akacheka sana, mtoto wa watu,
akaandika: mstaafu.

Nikamuuliza habari za korongo nyangumi,
yule mdomo kiatu aliyechorwa kwenye bango.
Bado, akasema, hajaja hata mara moja.
Anataka kinamasi kilichotulia.
Huenda mwaka kesho, huenda zaidi.

Nikamwambia tofali bichi huhitaji wiki mbili za kivuli.
Ukiliharakisha juani, linapasuka.
Akaniangalia kama anayeanza kuhesabu kitu,
kisha wageni wengine wakafika na gari lao
nami nikaondoka, na matope kidogo kwenye kiatu cha kulia,
ambayo sikuyafuta.