Nyekundu Hufa Kwanza

Duka la Muhdhar, Ruwi, baada ya alasiri.
Juu ya kioo kaniwekea kamera mbili:
kubwa, na kasha lake la alumini,
taa mbili zimetanuka kama magando ya kaa,
riyali mia saba na arubaini;
na hii ndogo, inaenea kiganjani.

"Likizo siku ngapi?"
Nne.
"Na umeshazamia mara ngapi?"
Nikaangalia bei.
Akacheka, kicheko cha Kiunguja kabisa,
kubwa akairudisha kabatini.

Akachomoa mpira wa kuziba, mwembamba kama tambi,
akaupaka mafuta kwa ncha ya kidole.
"Unywele mmoja ukilala hapa, dada,
bahari haipigi hodi.
Na chukua tochi. Kule chini nyekundu hufa kwanza."

Nilidhani maneno ya kuuzia tochi.

Bandar Khayran, mita ishirini.
Nilimpiga dome, likabaki wingu la wino.
Nilimpiga kasa, kikatoka kisigino cha Ghaniya.
Nikashika mwamba, nami nilikatazwa,
kidole kikachanika,
damu ikatoka kijani,
kijani cha mrehani uliopondwa,
kama si yangu, kama ya mdudu.

Nikawasha tochi.

Ikarudi, nyekundu ile ile,
uzi unaofumuka polepole kuelekea juu.
Nikabonyeza.

Usiku, Al-Khuwair, nimefuta picha mia mbili na sita.
Moja nimempa Mama simu aitazame.
Hakuuliza samaki wako wapi.
Aliinuka kwenda kutafuta plasta.